Sarafu ya mia mbili na bastola tatu

Wiki hii nimeulizwa mara ya tatu: mama, kwa nini hukuchukua ile bastola ndogo ya kike? Basi nijibu hapa, yaishe.

Mimi nanunua asali. Msimu ukifika natoka Tabora mjini alfajiri kwenda Sikonge na vijiji vya ndani nikiwa na noti kwenye gari, maana warina asali wengi ninaonunua kwao hawataki kusikia habari za kutumiwa kwenye simu. Kibali cha silaha kilikula muda na saini nyingi, hiyo tutaisimulia siku nyingine. Leo nazungumzia kidole.

Tulikwenda Dar es Salaam na baba mdogo, mstaafu wa jeshi. Muuzaji akanitupia jicho moja tu, akaniletea bastola ya silinda, Smith & Wesson Model 36, ya risasi tano. "Hii ndiyo ya akina mama, haina mambo mengi." Kweli haina. Lakini triga yake! Usipoinua nyundo, kile chuma cha nyuma kinachogonga risasi, kwanza kwa kidole gumba, kile cha shahada ndicho kinachozungusha silinda na kuirudisha nyundo nyuma, kazi zote mbili kwa mvuto mmoja mrefu. Ni kama kuning'iniza kidumu cha asali cha kilo tano kwenye kidole. Bastola yenyewe ina nusu kilo na kidogo tu, kwa hiyo ukikaza, kinachocheza ni mtutu. Nani aliamua kwamba mwenye vidole dhaifu ndiye apewe triga ngumu kuliko zote?

"Mwanangu, toa chenji," baba mdogo akasema. Akakagua chemba, yaani tundu inamokaa risasi, ingawa muuzaji alikwisha kagua, akakagua tena, kisha akalaza sarafu ya mia mbili juu ya mtutu. "Vuta. Isianguke." Kwa ile ya silinda ilianguka mara nne katika tano.

Ya pili, CZ 75 Compact, ilikuja na chuma chake kizito, nayo ilitulia mkononi. Mvuto wa kwanza, nyundo ikiwa chini, ni mrefu ila laini kama droo iliyopakwa nta. Baada ya risasi ya kwanza nyundo inabaki nyuma, triga inakuwa fupi na nyepesi. Yaani unajifunza triga mbili kwenye silaha moja. Halafu slaidi yake, kile chuma cha juu unachovuta nyuma kukoki, inapita ndani ya fremu, pa kushika ni padogo. Nilipojaribu kukoki vidole viliteleza mara mbili. Na ile niliyoshika, ukitaka kuishusha nyundo wakati kuna risasi chemba, unaizuia kwa dole gumba huku unavuta triga. Mikono yangu hii inayoshinda kwenye asali? Hapana.

Ya tatu, Glock 19, triga yake ni ileile kutoka risasi ya kwanza mpaka ya 15, kama kilo mbili na nusu. Inaanza ikiwa legevu, kidole kinagota mahali, ukiongeza kidogo tu, tk, kama kijiti kikavu. Ukiiachia taratibu unausikia mlio mdogo, triga iko tayari tena, huna haja ya kuirudisha mpaka mbele kabisa. Sarafu haikutikisika. Ndiyo niliyochukua.

Ila haina sefti, yaani kizuizi cha usalama, ya kusukuma kwa dole gumba. Kilichopo ni kile kiulimi katikati ya triga, na kiulimi hakijui kama kinachokibana ni kidole au kalamu iliyomo mkobani. Ndiyo maana nilinunua ala ngumu inayofunika triga yote siku ileile, na mkobani haiingii bila ala. Jingine: ili kuifungua kuisafisha, lazima uvute triga. Kwa vumbi la njia za kule nasafisha kila nikirudi, kwa hiyo magazini yenye risasi inatoka kwanza, kisha chemba naitazama na kuipapasa kwa kidole.

Baba mdogo bado anaiita plastiki, kwa ajili ya fremu yake. Jumapili alikuja kula, akaomba aone nilivyoisafisha, akaikagua chemba mara tatu, kisha akanyoosha kiganja: "Chenji iko wapi?"