Swali la Ng'ombe, Bunazi 1995

Mwaka 1995, katika uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi viruhusiwe tena, niligombea ubunge mkoani Kagera, nikiamini kwamba mambo mawili yangetosha kuninadi: cheo cha luteni nilichoondoka nacho jeshini, na lori langu la kubebea ndizi na maharage. Kabla ya Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 kulegeza masharti hayo, lori hilo hilo lingeweza kuninyima uongozi kwa masharti ya Azimio la Arusha, yaliyowazuia viongozi kujishughulisha na mambo ya kibepari. Sasa nililisimamia juu na kuhutubia.

Tulipofika Bunazi, ng'ambo ya daraja la Kyaka, nilieleza vita kama nilivyozoea: jinsi majeshi ya Idi Amin yalivyotuvamia mwezi Oktoba 1978 na kulilipua daraja, jinsi tulivyouvuka mto, tukaiteka Mutukula, mpakani mwa Uganda, Januari 1979, na jinsi Kampala ilivyoanguka tarehe 11 Aprili. Nikagusia barabara na bei ya mazao, kisha nikakaribisha maswali.

Akasimama mama mmoja mzee, mkono mmoja ukiwa umeshika fimbo.

“Mwanangu, vita nimeisikia. Sasa niambie, ulipofika huko mpakani, uliwaona ng'ombe wangu?”

Baadhi ya watu walicheka. Yeye alianza kuwahesabu kwa vidole: mwekundu mwenye baka jeupe usoni, mweusi aliyekuwa na mimba, fahali wa marehemu mumewe, hadi wakatimia 11, wote wakiwa wameswagwa na askari wa Amin kuelekea Uganda.

Nilikuwa na jibu la mgombea, la fidia na ufuatiliaji, lakini lilinikwama kooni, kwa sababu kitu fulani nilikuwa nimekiona na kwa miaka 16 sikuwahi kumwambia mtu, hata mke wangu. Karibu na Mutukula, katika kambi iliyotelekezwa, tulikuta pembe zimerundikwa kandokando ya mahandaki, na ngozi zilizokauka mpaka zikajikunja. Nilimweleza hivyo hivyo, mbele ya watu wote, bila kupunguza kitu. Uwanja ulinyamaza.

Kura za Bunazi sikuzipata za kutosha, na ubunge nilisubiri miaka mingine mitano. Ninachokikumbuka zaidi ni kwamba mkutano ulipokwisha alinifuata hadi mlangoni mwa lori.

“Hizo pembe, zilikuwa ndefu?”

“Ndefu sana, mama.”

“Basi ni wao,” akasema, akajifunga kanga vizuri, akaondoka.