Hapakuwa na Mahali pa Kupita Mnyama

Masomo ya wiki: Nehemia 2:11–18, 4:10, Matendo 6:1–6

Wapendwa, Nehemia aliingia Yerusalemu na barua za mfalme, kibali cha kupewa miti na wapanda farasi wa kumsindikiza. Angeweza kuanza na mkutano wa hadhara. Yeye alikaa siku tatu, kisha akaondoka usiku na watu wachache na mnyama mmoja tu, yule aliyempanda, akazunguka kuziangalia kuta zilizobomoka bila kumwambia mtu neno. Kwenye birika la mfalme akakwama: hapakuwa na mahali pa kupita mnyama aliyekuwa chini yake. Aya hiyo ya 14 wengi tunaipita haraka. Aliyewahi kushika sepeto kwenye mji uliofunikwa na tope huisoma mara mbili, maana hapo Nehemia anapima kifusi. Habari ya kujenga inakuja aya ya 17, kipimo kikiwa tayari kichwani.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa iliporomosha tope, mawe na miti kutoka Mlima Hanang' hadi Katesh na vijiji vya jirani, mkoani Manyara. Watu zaidi ya 80 walikufa. Mwezi Aprili mwaka uliofuata Rufiji na Kibiti zikawa chini ya maji, na alfajiri ya tarehe 29 mwezi huohuo maji yakashuka Mai Mahiu, Kenya, yakazoa nyumba na waliolala ndani. Nyakati kama hizo kwaya huchangishana, vijana hujipanga, Fuso hupakiwa jioni na kuondoka usiku. Moyo ni mwema. Shida ni kwamba Fuso limepakiwa kabla mtu hajazunguka na mnyama wake.

Ukilifungua utakuta nguo. Suti, magauni ya harusi, kiatu cha mguu mmoja, vyote kwenye kiroba kimoja. Hapo wanatakiwa watu sita wa kuchambua siku nzima, na chumba kikavu cha kuwekea, mahali ambapo chumba kikavu ndicho kinachotafutwa na wenye watoto. Mtu aliyepoteza nyumba anahitaji kwa mwezi takriban gramu 250 za sabuni ya kuogea na 200 za kufulia. Kwa siku anahitaji lita 15 za maji ya kunywa, kupikia na usafi. Familia ya watu sita basi ni lita 90, yaani madumu manne na nusu ya lita 20. Kama dumu la familia lilienda na tope na wamebaki na sufuria moja, hata bomba likiwa jirani hawawezi kuyafikisha maji kambini. Tunabeba katoni za maji ya chupa kutoka mjini, kumbe kilichokosekana ni dumu lenye mfuniko. Yakobo alimkemea anayemwambia mwenye uhitaji aende akaote moto na kushiba bila kumpa kitu. Kuna kukemewa kwa namna yake pia kwa anayempa kitu kisichomfaa. Piga simu kwanza kwa mtendaji wa kijiji au kata. Kwa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji, na kamati ndiyo inayojua nani ameshaleta nini. Mara nyingi jibu ni kwamba vitu vipo sokoni mji wa jirani, na fedha ingevinunua palepale, mwenye duka naye akasimama.

Sasa tope lenyewe. Chukua chumba kidogo cha mita 3 kwa 3, tope limesimama sentimita 30. Hizo ni mita za ujazo 2.7. Mita moja ya ujazo ya tope bichi ina uzito wa karibu tani 1.7, kwa hiyo chumba hicho kina tani nne na nusu. Toroli la kawaida hubeba lita 60 hivi: safari 45 kwa chumba kimoja, na tope likishachimbwa huvimba, kwa hiyo zitazidi. Ndiyo maana katika Nehemia 4:10 watu wa Yuda wanalalamika kwamba nguvu za wachukuzi zimekwisha na kifusi ni kingi. Hawakuwa wavivu, walikuwa wamepiga hesabu. Kikosi cha watu wanne kinatosha: wawili wanachimba, mmoja anasukuma toroli, mmoja amekaa kivulini anakunywa maji, na kila baada ya dakika 20 mnabadilishana. Vijana wakianza kwa kelele na nguvu zote saa mbili asubuhi, saa tano utawakuta wamelala chini ya mwembe.

Kabla ya sepeto la kwanza, umeme uzimwe kwenye swichi kubwa, na mtu azunguke nyumba akitazama kuta. Nyumba za tofali mbichi hudanganya. Mistari ya chini hulowa na kulainika, lakini ukuta unabaki wima kwa sababu tope la ndani na la nje linausukuma kwa nguvu sawa. Ukitoa la ndani lote kwanza, la nje linauangusha ukuta juu ya anayechimba. Toeni pande zote mbili kwa pamoja, kina kwa kina. Ukiona ufa mpana unaopanda mshazari kutoka kwenye kona ya dirisha, au ukuta umeinama, msiingie hata kama mwenye nyumba analilia kabati lake. Buti za mvua ziwe na soli ngumu, maana mabati yaliyoezuliwa yanaacha misumari ndani ya tope, na kidonda cha msumari ndicho mlango wa pepopunda. Aliyechomwa aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama damu imekata. Mkikuta mwili wa mtu, simameni, wekeni alama, mwiteni polisi.

Tope litupwe wapi? Swali hili huulizwa toroli likiwa tayari limejaa, na jibu rahisi huwa mtaro wa barabarani. Mvua inayofuata inakuta mtaro umezibwa na inaingia kwenye nyumba ambazo mara ya kwanza zilipona. Mahali pa kumwaga paonyeshwe na serikali ya kijiji kabla ya kuanza. Wekeni pia ndoo moja mlangoni kwa ajili ya karatasi: vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, hati za mashamba, picha za marehemu. Zisuuzwe taratibu kwa maji safi, zitenganishwe, zianikwe kivulini. Anayechimba huona uchafu, na mama mwenye nyumba anaona mtoto wake.

Visima ndipo nia njema inapoua watu. Kisima kilichoingiwa na mafuriko kina tope, mizoga na maji ya vyoo. Vijana huleta pampu ya petroli, wanagundua kwamba haivuti maji yaliyo chini zaidi ya mita 7 hivi, kwa hiyo wanaishusha kwa kamba ndani ya kisima na kuiwasha huko. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo hujaa shimoni. Anayeshuka kuirekebisha anaanguka, wa pili anashuka kumwokoa, anaanguka pia. Pampu ya injini isishushwe kisimani kabisa, na mtu asishuke inapofanya kazi jirani na mdomo wa kisima. Tumieni ndoo na kamba, au pampu ya umeme ya kuzamishwa, jenereta ikiwa mbali upande ambao upepo unaelekea.

Maji yatolewe polepole. Ardhi ya pembeni bado imelowa, na kisima kisichojengewa kikikaushwa kwa haraka kuta zake hubomoka. Toeni tope la chini, sugueni kuta, kiacheni kijae tena hadi maji yawe maangavu. Msiharakishe hapa: tope hula klorini, na dawa iliyomwagwa kwenye maji machafu imepotea bure. Kisha pimeni. Kipenyo mara kipenyo, mara 0.785, mara kina cha maji. Kisima cha kipenyo cha mita 1 chenye maji ya kina cha mita 3 kina lita 2,355 hivi. Unga wa klorini wa asilimia 65 hadi 70, gramu 30 kwenye lita 10 za maji, hutoa mchanganyiko wa asilimia 0.2, mimina lita 1 ya mchanganyiko huo kwa kila lita 100 za kisima. Kwa kisima chetu ni lita 24, yaani gramu 72 za unga. Unga ndio unaotiwa kwenye maji, nje penye hewa, kwa glavu, na hauchanganywi na sabuni wala dawa nyingine. Uacheni utulie, mtumie maji ya juu yaliyo safi. Kisima kifunikwe usiku kucha, asubuhi maji yatekwe na kumwagwa mpaka harufu kali iishe.

Baada ya hapo wengi hupiga picha na kuondoka. Lakini kazi hiyo imesafisha maji ya siku ile tu. Kama choo kiko mita 10 kutoka kisimani, wiki ijayo uchafu umerudi. Umbali uwe angalau mita 30. Kwa hiyo kila nyumba iendelee kuchemsha au kutia dawa kwenye ndoo, kusubiri dakika 30, na kuteka kwa kikombe chenye mkono mrefu. Mwenye kuhara apewe maji ya chumvi na sukari bila kungoja: lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta juu. Chumvi ikizidi inadhuru, basi asiwe mtu wa kukadiria kwa kiganja. Akiharisha majimaji kama ya mchele, apelekwe kituoni huku akinyweshwa njiani.

Tugeukie Matendo 6. Kanisa la kwanza lilikuwa na upendo na lilikuwa na chakula, hata hivyo wajane wa upande mmoja walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Luka hasemi kulikuwa na mwizi. Wajane hawa walikuwa wa lugha ya Kiyunani, si ya nyumbani, ndiyo maana ilikuwa rahisi kutowaona. Kwetu anayesahauliwa ni mpangaji. Orodha inaandikwa kwa nyumba, mwenyekiti wa kitongoji anataja wenye nyumba, na familia nne zilizopanga vyumba vya uani hazimo. Mke wa pili hayumo. Mzee asiyeweza kutembea hadi shuleni panapogawiwa hayumo. Waandikeni watu kwa kaya zinazopika chungu kimoja, orodha isomwe kwa sauti mbele ya wote kabla ya siku ya kugawa, ibandikwe ukutani, na malalamiko yapokelewe siku hiyo. Mitume hawakuwakemea wanung'unikaji. Waliwaambia wanafunzi wachague watu saba, na majina ya saba hao yote ni ya Kiyunani. Tuseme leo: wapangaji wawili wakae kwenye kamati ya ugawaji.

Na wenyeji wafanye kazi. Nehemia 3 imejaa watu wanaojenga mkabala wa nyumba zao wenyewe, na aya ya 12 inamtaja Shalumu akijenga pamoja na binti zake. (Aya ya 5 inawataja pia wakuu wa Tekoa waliokataa kuinamisha shingo kwa kazi. Kila kamati ina wakuu wa Tekoa.) Mgeni ashike toroli, mwenye nyumba aamue chumba gani kianze.

Msamaria alitia mafuta na divai, alilipa dinari mbili, na akamwambia mwenye nyumba ya wageni kwamba gharama ikizidi atalipa atakaporudi. Alikuwa ameshapanga kurudi. Wiki hii, kwenye daftari la kikundi chenu, chini ya orodha ya ndoo, sabuni na klorini, andikeni tarehe ya safari ya pili, miezi mitatu baada ya maafa, kamera zikiwa zimeondoka na mbegu zinatakiwa shambani. Mbele ya tarehe hiyo andikeni jina la atakayekwenda na nauli yake, na fedha hiyo iwekwe pembeni sasa.