Kiti Kimoja, Siku 42

Video ilitakiwa iwe ya dakika mbili, ya kuhamasisha watu wachangie damu, na uongozaji nilikabidhiwa mimi. Nilifika kwenye kikao cha kwanza nikiwa nimeshaiona yote kichwani: usiku, gari la wagonjwa linapasua barabara, king'ora kinalia, daktari anakimbia kwenye korido. Niliwaeleza wenzangu wanne nikiwa nimesimama, mikono ikichora hewani. Nilipomaliza, mpiga picha akasema, "Sawa, kiongozi." Wengine wakatikisa vichwa kukubali.

Dada mhariri hakutikisa kichwa. Alinizidi umri na uzoefu, na ndiye aliyekesha siku tatu akijaribu kuokoa video yangu iliyotangulia. Ile nayo ilipita hivihivi: nilisema, wakakubali, tukaenda kupiga. Tulipokaa kuhariri tukajikuta na saa tano za watu wanaoongea, hakuna cha kutazama. Mhariri anaweza kukata, kupanga upya, hata kuongeza muziki, lakini picha ambayo haikupigwa haiwezi kutoka popote.

"Mdogo wangu," aliniambia, "hapa hatujabungua bongo. Tumekusikiliza tu. Leo naomba uwe wa mwisho kusema."

Ilinichoma. Nikakaa.

Akagawa vikaratasi na kalamu. Dakika 10 za kimya, kila kikaratasi wazo moja, bila jina. Nilishangaa, maana kwa jinsi nilivyoelewa mimi, kubungua bongo ni kukaa pamoja na kila mtu kurusha lililomjia. Ndivyo alivyofundisha Alex Osborn, Mmarekani wa matangazo ya biashara aliyeueneza utaratibu huu miaka ya 1940 na 1950: toeni mawazo mengi, msikosoe kwanza, ya ajabu yapokeeni, moja lijengeni juu ya jingine. Miaka kadhaa baadaye nilikuja kusoma kwamba watafiti walioupima, kuanzia 1958, walikuta watu wanaofikiri kila mmoja kivyake, kisha mawazo yao yakakusanywa, hutoa mengi kuliko idadi hiyohiyo ya watu wakizungumza kwa pamoja. Sababu mojawapo ni kungoja zamu: unapomsubiri mwenzako amalize, lako linapotea. Siku ile sikuwa na habari ya hayo. Nilimwona tu fundi sauti, kijana ambaye vikaoni hasemi zaidi ya kuuliza kama betri zimechajiwa, akiandika kikaratasi baada ya kikaratasi bila kuinua uso.

Vilipatikana 37, vikabandikwa ukutani. Sharti likawa moja: hakuna kusema "hili halifai" mpaka vyote visomwe.

Kimojawapo kilisomeka: "Damu yenyewe inaongea." Mpiga picha akaanza kucheka, dada akamwinulia kiganja. Nakiri, moyoni nilikuwa nimeshakitupa. Naamini mawazo mengi mazuri hufia hapo, kwenye kicheko kidogo kisicho na ubaya wowote.

"Haya," dada akauliza, "ikiongea, itasema nini?"

Kimya. Kisha fundi sauti, kwa sauti ya chini: "Itasema, nina siku 42."

Aliwahi kuchangia damu, akamuuliza muuguzi ule mfuko unaenda wapi. Akaambiwa kwamba chembe nyekundu zikihifadhiwa vizuri kwenye jokofu hudumu hadi siku 42, zikipita hapo hazimfai tena mgonjwa. Kwa hiyo damu iliyotolewa leo haiwezi kuwa akiba ya mwaka mzima. Lazima watu warudi.

Dada akasimama, akabandua vikaratasi viwili ambavyo hakuna aliyevijali viliposomwa. Kimoja kiliandikwa "kiti kimoja tu." Kingine, "ule mpira wa kubana mkononi," yaani ule ambao mchangiaji huushika kiganjani na kuubanabana damu ikitoka. Akavibandika kando ya kile cha damu inayoongea, na hapo kikao kikawaka. Kamera isisogee. Kiti cha kuchangia damu, watu wanakaa na kuondoka. Nyuso tusizione, tuone mikono: yenye pete, yenye kovu, yenye rangi ya ukutani kwenye kucha. Pembeni namba zinashuka, 42, 41, 40. Kila mmoja alikuwa anashika neno la mwenzake na kulisogeza mbele, nami nilikuwa nimeinamia daftari naandika, mkono haukuwahi.

Zamu yangu ilipofika niliuliza jambo moja tu: king'ora tukiweke wapi?

"Kisiwepo," fundi sauti akasema. Akavua sponji ya maikrofoni yake, akanivika spika za masikioni, akaibana ile sponji polepole karibu na maikrofoni. Ndiyo ingekuwa sauti ya ule mpira: ilivuta pumzi. Akaiachia, ikashusha pumzi. Akarudia mara tatu au nne, na mimi nilibaki namtazama, sina la kuongeza.

Tulipiga kwa nusu siku, mahali pamoja. Mpango wangu wa kwanza ulihitaji gari, barabara, ruhusa na usiku mzima. Michoro ya matukio ilienea kwenye karatasi mbili, na kila aliyekuwepo aliijua bila kuisoma, kwa kuwa ilikuwa na mkono wake ndani.

Wakati wa kuhariri tulibishana mahali pamoja tu, mwishoni. Namba imefika 1, kiti kitupu, mpira umelala kwenye mkono wa kiti. Nilitaka pakatwe haraka. Dada akaniambia, "Subiri, hesabu na mimi." Tukahesabu sekunde nne, yaani fremu 100, picha moja moja zinazounda video, za kiti kitupu bila ile pumzi ya mpira. Nyuma yetu fundi sauti alikuwa amevua spika za masikioni, anatazama. Tukaziacha zote.