Siku moja maishani mwangu: mwenye kamera chumbani kwa biharusi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nimeshaswali, betri nne zimejaa, na mume wangu ananiuliza swali lake la kila Jumamosi: leo unarudi saa ngapi? Kwenye harusi za Unguja mwenye kujua saa ya kurudi ni mgeni mwalikwa, si mwenye kamera.

Mimi napiga picha wanawake, na ni wanawake watupu, mlango umefungwa. Penye mabuibui yaliyovuliwa, nywele wazi na mabega nje, mpiga picha wa kiume hana njia ya kuingia. Ndipo ninapoitwa mimi. Jirani yangu huwa anasema nalipwa kwa kubonyeza kidude. Simbishii. Kubonyeza ni robo sekunde. Kazi ni yote yanayotangulia, na yanayofuata baada ya picha kuwa mkononi mwangu.

Saa mbili hadi saa sita nilikuwa kwenye chumba changu cha kazi nikipiga pasipoti saizi, wanafunzi watatu wenye majoho, na mtoto aliyelia mpaka akalala, basi nikampiga amelala.

Saa nane kamili nikabisha hodi kwa biharusi, Mji Mkongwe. Mpambaji naye tuliambiwa atafika saa nane. Ndani mlikuwa na wanawake kama ishirini, harufu ya asumini na udi, na feni moja inayozunguka kwa kujilazimisha. Nikaenda kukagua madirisha. Nyumba hizi za mawe na chokaa kuta zake ni nene hata dirisha linakuwa kama kijichumba, na mwanga unaopita hapo unaingia laini, wa upande mmoja. Ukimsimamisha mtu hatua mbili kutoka dirishani na kumgeuza kidogo, shavu moja linang'aa na jingine linabaki na kivuli chake. Uso unapata umbo. Taa zangu zote mbili haziwezi kufanya hivyo vizuri zaidi, na nilizinunua kwa mkopo.

Saa tisa, mpambaji yuko njiani. Saa tisa na nusu, yuko njiani bado. Saa kumi akaingia na masanduku mawili, hana hata pole. Akamaliza saa kumi na moja na nusu. Jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu, na bwana harusi anakuja baada ya Isha kumpa mkono mkewe. Yaani saa nzima ya mwanga, na dada ya biharusi ameshanitumia picha thelathini alizokusanya mtandaoni anazotaka zifanane.

Biharusi mwenyewe alikuwa mpole, miaka ishirini na kitu, viganja na vifundo vyote vina hina na piko. Kaniinamia sikioni: "Dada, nifanye mweupe kidogo." Nikamwambia hapana, na nikamwomba mpambaji ateremshe poda mpaka shingoni, kwa sababu uso ulikuwa wa mtu mmoja na shingo ya mwingine. Mpambaji alininunia mpaka usiku.

Na hapo ndipo shangazi yake alipovuta kiti.

Sijui kama nitaweza kumweleza vizuri. Alikaa ubavuni mwangu, karibu kabisa na kamera, na kila nilichosema yeye akasema kinyume chake. Mimi: "Weka uzito mguu wa nyuma, legeza goti la mbele." Yeye: "Simama sawasawa, unasimama kama uko kwenye foleni ya maji?" Mimi: "Sogeza kidevu mbele kidogo." Yeye: "Inama! Biharusi hawakodolei watu macho." Biharusi akajibu taratibu, "Shangazi, nitaonekana nimesinzia," na chumba kizima kikacheka isipokuwa mwenye kiti.

Tatizo ni kwamba shangazi hakuwa amekosea. Haya ya biharusi kwetu ni sehemu ya pambo lake kama asumini, na bibi zake wote kwenye picha zilizopo ukutani wametazama chini. Lakini mtu akiambiwa "inama" anainamisha shingo, kidevu kinakuwa viwili, na uso unaingia kizani. Na dada mtu yuko nyuma yangu na simu, ananionesha mwanamke fulani wa mbali anayecheka meno yote nje. Mbele yangu biharusi mmoja, wenye sura yake siku ile watatu.

Kwa hiyo sikumwambia ainame wala atazame. Nilimwambia: "Itazame hina yako, nioneshe ua gani limekolea kuliko yote." Macho yakashuka yenyewe, shingo ikabaki ndefu, wanja na kope vikaonekana vyote. Nikapiga. Kisha nikamuuliza kwa sauti ya chini nani aliyemchora, na alipoinua macho kunijibu nikapiga tena. Shangazi kapata yake, dada mtu kapata yake.

Mikono ndiyo inayonichosha kuliko kitu chochote. Kanuni tunayofundishana ni kuonesha ubavu wa kiganja, kwa sababu mgongo wa mkono ukiikabili kamera unakuwa mpana kushinda uso. Kwa biharusi wa hina kanuni hiyo haifai hata kidogo: mgongo wa mkono ndio uliolipiwa! Basi inabidi vidole viachane kidogo, vilegee, na mkono ukae nyuma kidogo ya uso, usiwe mbele, maana kilicho karibu na lenzi kinakua. Natumia lenzi ya milimita 85, inayovuta cha mbali, na kurudi nyuma mpaka nimebanwa na kabati. Nikamwambia, "Shika shela kama unashika kitu cha kuazima." Shangazi: "Kaza, itaanguka!" Vidole vikakaza kama vya mtu aliyeng'ang'ania daladala. Tukaanza upya. Mara nne. Mara ya tano shangazi aliinuka, akaja, akamshika kidevu mpwa wake kwa vidole viwili na kukishusha mwenyewe. Kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza.

Umeme nao ukakatika. Feni ikasimama, poda ikaanza kuteleza, watu wakaanza kupepea kwa vipepeo na vifuniko vya masufuria. Dada mtu akapata fikra: twendeni juu, jua linazama baharini. Kweli, kwetu Mji Mkongwe umeelekea magharibi, jua linazama majini, tofauti na Dar es Salaam ambako bahari iko mashariki na wateja bado wanaliomba jua la jioni juu ya maji. Lakini kila paa la Mji Mkongwe linatazamana na mapaa kumi na madirisha yasiyohesabika. Tukapanda ngazi biharusi amefunikwa buibui, mabinamu wawili wakanyanyua khanga kumkinga. Khanga nyekundu. Nikatazama kamera, shavu la biharusi limekuwa jekundu kama amepigwa kofi, kwa sababu jua linagonga kitambaa na rangi inarudi usoni. "Leteni shuka nyeupe!" Mtu akakimbia chini. Shuka ikaja, ikawa pazia kwa majirani na ikawa taa yangu kwa wakati mmoja. Nilipata kama dakika sita. Sikumpanga chochote, nilimwambia tu avute pumzi na kuitoa polepole, maana mabega yalikuwa yamepanda mpaka masikioni tangu mchana. Adhana ikaanza, shangazi akasema basi, na mimi nilishapata.

Baada ya hapo saa sikuzitazama tena. Bwana harusi akaja na kaka zake, wanawake wakajitanda haraka haraka, akaweka mkono kwenye paji la uso wa mkewe, dua, nikapiga, akaondoka. Ukumbini simu zikakusanywa mlangoni kwenye kikapu, na kama kawaida kuna aliyeficha yake mkobani. Nilimwona, nikamwendea, nikamwambia kwa adabu. Akaniuliza, "Na yako hiyo ni nini?" Yangu ndiyo wanayoiamini, mama. Pilau niliila nimesimama. Viatu nilivivua chini ya meza ya keki na kimoja sikukiona mpaka watu wameondoka.

Nyumbani ilikuwa usiku mwingi. Picha 1,137. Nazinakili kwenye diski mbili zisizoandikwa jina, tarehe tu, moja inaingia droo yenye ufunguo. Sirushi mtandaoni hata kipande cha hina. Wenzangu wananiambia ndiyo maana sina wafuasi, na ni kweli, ila nina biharusi wa kila wiki mpaka Ramadhani. Zile ambazo nguo imeteleza nazifuta palepale kabla hata ya kunywa maji.

Ile ya mkono wa shangazi imeharibika kwa kila kanuni: vidole viwili vyenye pete vimeingia kutoka pembeni, biharusi anajizuia kucheka, macho nusu chini nusu juu. Nimeiweka ya kwanza kwenye zilizochaguliwa.

Simu ikalia. Dada mtu: "Picha tayari?"

Nikamwandikia: Jumatano, inshallah.

"Jumatano ipi?"