Kimya cha Mteja, Kimya cha Mtandao

Mimi ni mtaalamu wa afya ya akili, na hadi mwaka 2020 nilikuwa sijawahi kumhudumia mteja kwa njia ya video. Korona ilipofunga ofisi, nikawapigia simu mmoja mmoja kuuliza kama wangependa tuendelee mtandaoni. Wengi walikubali.

Kilichonitesa ni kimya. Ana kwa ana, mteja akinyamaza unaona kifua kikipanda na kushuka, vidole vikichezea pindo la nguo. Unajua anatafuta neno, unamwachia. Kwenye kioo hujui kama amenyamaza yeye au mtandao. Mama mmoja alikuwa akinisimulia kifo cha mwanawe, akanyamaza. Nikasema, "Haloo, mama, unanisikia?" Alikuwa analia. Alichotaka kukisema hakukisema tena siku ile, na bado naumia nikikumbuka.

Tangu hapo huwa tunapatana mapema: ukinyamaza, nitasubiri; picha ikiganda, nitakuandikia ujumbe; mawasiliano yakikatika, mimi ndiye nitakayepiga. Kimya kikiingia, natazama kope kwanza. Zikipepesa, nanyamaza naye.

Faragha nayo inataka ubunifu. Kijana anayeishi na wazazi wake alikuwa akiongea nami akiwa ndani ya gari lililoegeshwa, hedifoni masikioni, na kwa maswali mazito alijibu kwa kuandika. Huenda ofisini asingeyasema kabisa.

Ila kuna jambo ambalo silegezi kamwe. Kila kikao naanza na "Uko wapi leo? Nani yuko karibu nawe?" Naandika mahali alipo na namba ya mtu anayemwamini, ambaye mteja mwenyewe ameniruhusu kumpigia. Hojaji ya PHQ-9, tunayoitumia kupima sonona, ina maswali 9, na la mwisho linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Ofisini, anayekiri mawazo hayo yuko mbele yangu. Mtandaoni anaweza kutoweka kwa kubonyeza mara moja.

Ilinitokea. Mteja alijibu swali la 9 kwa "karibu kila siku", tukaanza kuongea, mara kioo kikawa cheusi. Nilipiga mara tatu bila kupokelewa. Nikampigia dada yake, naye alikuwa chumba cha pili. Nilisikia mlango ukifunguliwa, kisha sauti yake: "Yupo, daktari. Nimemshika mkono." Tukamalizia kikao watatu, kwa simu ya dada.