Nilivyoipeleka Ekari Kwenye Kijerumani

Ninaishi Hamburg na kazi yangu ni kutafsiri hati za Kiingereza kwa Kijerumani. Nyingi ni vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa kutoka nyumbani Kenya. Safari hii kaka mmoja aliniletea mkataba wa ploti aliyonunua Kitengela. Benki yake ilitaka kuusoma.

Kazi ilikuwa kwenye "acre", yaani ekari. Kijerumani kina Acker, ndugu wa damu wa neno hilo, ila Mjerumani wa leo akilisikia anaona shamba la kulimwa, haoni kipimo. Kamusi nyingine hupendekeza Morgen, yaani asubuhi: eneo ambalo mkulima aliweza kulilima kwa jembe la ng'ombe kabla ya mchana. Ekari nayo ilianzia hukohuko kwenye jembe, lakini Waingereza waliifunga kwenye mnyororo wa futi 66: miraba 10 yenye upande wa mnyororo mmoja ndiyo ekari, mita za mraba 4,047 hivi. Morgen ilibadilika kila dola ya zamani ya Kijerumani: ya Prussia ilikuwa kama 2,553, ya Württemberg kama 3,152. Ningeandika Morgen, ikasomwa kuwa ya Prussia, ningemnyang'anya kaka wa watu zaidi ya theluthi ya ardhi yake! Isitoshe, tangu 1872 Ujerumani inatumia mita.

Kwa hiyo nililiacha "acre" lilivyo na kuweka mita za mraba kwenye mabano ya mtafsiri. Hapo pia kuna mtego: Wajerumani huandika koma penye nukta yetu, na nukta penye koma. "4,047" kwao ni nne na ushei.

Sasa mkataba wenyewe. Ulisema ploti ni thumuni (moja ya nane) ya ekari, futi 50 kwa 100. Mkenya hashtuki, hamsini kwa mia ndiyo thumuni yetu ya sokoni. Lakini piga hesabu: thumuni kamili ni mita za mraba 505.9, futi hizo zinatoa 464.5. Tofauti ni 41 na kitu, na hapa Hamburg watu wanalipia kodi nyumba za ukubwa huo. Kurekebisha mkataba si kazi ya mtafsiri. Nilitafsiri vipimo vyote viwili, nikaweka hesabu ya kila kimoja, nikaandika kwamba katika hati asili havilingani.

Kisha nikamwomba kaka hati miliki. Ilitaja hekta 0.0465, sawa na zile futi, na hekta haihitaji mtafsiri: Hektar ni Hektar.

Afisa wa benki alipopiga simu, ekari hakuigusa kabisa. Alitaka kujua futi ni ipi, maana Fuß, yaani futi, ya Prussia ilikuwa karibu sentimita 31.4. Nikamwelekeza kwenye mabano ya ukurasa wa pili: futi ya Kiingereza, 0,3048 m. Nilikuwa nimeiandika kwa koma.