King Kong wa Johannesburg: tamthilia iliyoondoka na waigizaji wake

Vijana wa kikundi chetu cha maigizo hapa Dodoma wanaifahamu Sarafina! kuliko tamthilia nyingi walizosomeshwa darasani, kwa sababu filamu yake ya mwaka 1992 ilizunguka sana katika mabanda ya video na mabweni ya shule za sekondari. Wachache kati yao walikuwa wanajua kwamba Hugh Masekela, aliyeshirikiana na Mbongeni Ngema katika muziki wa Sarafina!, alikuwa amekwisha kupuliza tarumbeta katika tamthilia nyingine ya muziki karibu miaka thelathini kabla ya hapo, akiwa na umri wa miaka 19. Tamthilia hiyo inaitwa King Kong, na haina sokwe hata mmoja. Inamhusu bondia aliyeishi kweli, akaua kweli na akafa kweli. Nimeamua kuandika historia yake ya jukwaani kwa sababu sisi wapenda kufufua michezo ya zamani huwa tunadhani kwamba tukishapata maandishi na noti za muziki basi mchezo wenyewe tumeupata, na King Kong inaonyesha wazi kwamba si hivyo.

Bondia huyo aliitwa Ezekiel Dlamini. Alizaliwa mwaka 1921 Vryheid, katika jimbo la Natal, akaondoka kwao angali kijana, akafanya vibarua Durban, kisha akaingia Johannesburg ambako ukubwa wa mwili wake na majigambo yake vilimpa jina la King Kong. Alikuwa bondia wa uzito wa juu katika nchi ambayo haikumruhusu Mwafrika kupanda ulingoni na Mzungu, kwa hiyo wapinzani wa kiwango chake walikuwa wa kuhesabika, na ahadi ya kwenda kupigana Uingereza haikutimia. Siku alipoangushwa na Simon Mthimkulu, bondia wa uzito wa kati, watu waliokuwa wakimshangilia walianza kumcheka, na tangu hapo maisha yake yakaporomoka. Alikuwa baunsa katika kumbi za dansi, akawa mtu wa ugomvi, na hatimaye akamuua mpenzi wake kwa kisu. Mahakamani alimwomba jaji amhukumu kifo. Jaji akampa kifungo na kazi ngumu, na mwaka 1957, katika gereza la Leeukop, Dlamini akajitosa majini akafa.

Hazikupita hata miaka miwili kabla ya habari hiyo kufika jukwaani, na ufupi wa muda huo ni muhimu, kwa maana watazamaji wengi wa kwanza walikuwa wamemwona Dlamini kwa macho yao akitembea mitaani. Muziki ulitungwa na Todd Matshikiza, mpiga piano na mwandishi wa jarida la Drum. Maandishi yalikuwa ya Harry Bloom, mwanasheria na mwandishi wa riwaya, maneno ya nyimbo yakaandikwa na Pat Williams, mwongozaji akawa Leon Gluckman, na mandhari ya jukwaa ikachorwa na Arthur Goldreich, ambaye nitamrudia baadaye. Ukiyatazama majina hayo utaona kwamba waliokuwa na amri juu ya mchezo wengi wao walikuwa Wazungu, na walioimba, waliocheza na waliopiga ala walikuwa Waafrika. Jambo hilo lilizua maneno tangu mwanzo, na kwa haki. Hata hivyo, katika Afrika Kusini ya wakati ule, kukaa tu chumba kimoja na kufanya kazi pamoja kulikuwa kunapakana na uvunjaji wa sheria. Waigizaji walikuwa na ajira zao za mchana, mazoezi yalikuwa jioni, na kila aliyechelewa kurudi kwao alikuwa na wasiwasi wa kusimamishwa na polisi na kudaiwa pasi, kile kitambulisho ambacho Mwafrika alilazimika kutembea nacho.

Onyesho la kwanza lilifanyika tarehe 2 Februari 1959 katika Ukumbi Mkuu wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Ukumbi wa chuo ulichaguliwa kwa sababu kumbi za kawaida za mjini hazikuruhusu Waafrika na Wazungu kuketi pamoja kutazama kitu kimoja, na chuo kilikuwa bado na uhuru kidogo. Uhuru wenyewe ulikuwa ukingoni, kwani katika mwaka huohuo wa 1959 bunge la makaburu lilipitisha sheria ya kuwafungia Waafrika milango ya vyuo vikuu vya Wazungu. Nelson Mandela, ambaye wakati huo alikuwa mshtakiwa katika Kesi ya Uhaini, iliyowakabili wapinzani wa ubaguzi, alikuwa miongoni mwa watazamaji wa usiku wa kwanza. Mchezo una wimbo mmoja wa maneno ya Kixhosa unaouliza kesi ya wanaume hawa ni kesi gani, na inasimuliwa kwamba watu waliokuwa ukumbini walielewa mara moja ni wanaume gani wanaozungumziwa, ingawa katika hadithi yenyewe hakuna kesi ya siasa.

Nathan Mdledle, kiongozi wa kundi la Manhattan Brothers, aliigiza King Kong. Miriam Makeba aliigiza Joyce, mwanamke mwenye kilabu cha pombe kiitwacho Back of the Moon. Msomaji wa Dodoma asiwaze kilabu chetu cha pombe ya mtama na viti vya mbao chini ya mwarobaini; Joyce ni malkia, kilabu chake kina muziki wa jazi na wateja waliovaa suti, na mwenye genge anagombea nafasi ya kukaa karibu naye. Kilabu chenye jina hilo kilikuwapo kweli katika mtaa wa Sophiatown, na serikali ilikuwa imeanza kuwahamisha wakazi wa mtaa huo kwa nguvu tangu mwaka 1955. Kwa hiyo jukwaa lilikuwa linaonyesha maisha ya mahali ambapo nyumba zake, usiku uleule, zilikuwa zinabomolewa maili chache kutoka ukumbini. Katika okestra, pamoja na Masekela, walikuwamo Kippie Moeketsi na Jonas Gwangwa, na kijana Lemmy Mabaso alipuliza filimbi ya bati, ile ya muziki wa kwela ambayo watoto wa vitongojini walikuwa wakiipiga kwenye kona za mitaa wakipewa sarafu.

Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Nikiyasoma maneno ya nyimbo peke yake nayaona ya kawaida, na mengine mepesi mno. Hadithi nayo ina mapengo: mwanamume anapanda, anashuka, anaua, anakufa. Kilichoujaza mchezo ni kwamba kila mtu aliyesimama jukwaani alikuwa amezuiwa na sheria zilezile zilizomzuia Dlamini. Mpiga saksafoni ambaye haruhusiwi kuingia hoteli aliyoalikwa kupiga muziki hahitaji kufundishwa maana ya bondia ambaye haruhusiwi kupigana na wa kiwango chake.

Baada ya Johannesburg mchezo ulizunguka Cape Town, Durban na Port Elizabeth, na inakadiriwa kwamba watu 200,000 waliuona nchini humo. Kisha mwezi Februari 1961 ukafunguliwa London, katika Prince's Theatre, ukumbi ambao leo unaitwa Shaftesbury Theatre. Makeba hakuwapo. Alikuwa ameondoka Afrika Kusini mwaka 1959 na sasa alikuwa akijijengea jina Marekani. Nafasi ya Joyce ilishikwa na Peggy Phango. Masekela naye alikuwa ameondoka mwaka 1960 baada ya mauaji ya Sharpeville, ambako polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji, akisaidiwa na Trevor Huddleston, kasisi aliyempatia tarumbeta yake ya kwanza alipokuwa mwanafunzi, na ambaye mwaka huohuo wa 1960 alikuja kwetu kuwa Askofu wa Masasi. Muziki ulipangwa upya ili uwaridhishe watazamaji wa London, na Matshikiza hakuficha uchungu wake kwa kuona kazi yake inashonwa upya na mikono ya wengine. Wapo pia wakosoaji waliosema kwamba mchezo unaonyesha furaha ya vitongojini na kuufunika ubaguzi. Naona wana sehemu ya ukweli, lakini sidhani kama wakubwa wa Pretoria wangewapa waigizaji wale pasipoti kama mchezo ungesema wazi kile ambacho wakosoaji walitaka kukisikia.

Na pasipoti hizo ndizo zilizoumaliza mchezo. Mdledle na wenzake wa Manhattan Brothers walibaki Uingereza. Gwangwa alikwenda Marekani, na miaka mingi baadaye akaongoza Amandla, kundi la sanaa la chama cha ANC. Matshikiza aliishi London, akahamia Zambia, akafia Lusaka mwaka 1968. Wengine walirudi nyumbani, akiwamo Kippie Moeketsi, na kurudi kwao hakukuwa na neema kubwa.

Goldreich nilisema nitamrudia. Huyu mchoraji wa mandhari ndiye aliyekuwa akiishi kama mpangaji wa Kizungu asiye na shaka katika shamba la Liliesleaf, Rivonia, ambako viongozi wa ANC walikuwa wamejificha, na ambako Mandela mwenyewe aliwahi kuishi kwa jina la uongo akijifanya mtumishi. Polisi walivamia shamba hilo Julai 1963. Mwezi mmoja baadaye Goldreich na Harold Wolpe walitoroka mahabusu, wakavuka hadi Swaziland, wakapita Bechuanaland (Botswana ya leo) wakiwa wamejifanya mapadri, ndege iliyotakiwa kuwachukua ikalipuliwa kiwanjani, na mwishowe wakafika Dar es Salaam. Kwa mtu wa hapa mkoani Dodoma sehemu hii ya historia haiko mbali hata kidogo. Mwaka uliofuata, 1964, ilifunguliwa kambi ya wapigania uhuru Kongwa, kwenye ardhi ileile ambako Waingereza waliangukia pua na mradi wao wa karanga, na wapiganaji wa ANC walikaa hapo pamoja na wenzao wa FRELIMO na SWAPO. Mzee mmoja wa Kongwa aliwahi kunisimulia kwamba alipokuwa mtoto walikuwa wakienda kusikiliza nyimbo za wageni hao jioni, na kwamba walikuwa wakiimba kwa sauti nne bila ala yoyote. Sina namna ya kujua kama kati ya nyimbo hizo ulikuwamo hata mmoja wa Matshikiza, wala mzee hakudai hivyo, lakini nilipomsikilizisha kwa simu kipande cha kwaya ya wanaume wanaokwenda kazini alfajiri, alitikisa kichwa akasema, "Ndiyo, mwanangu, namna hiyo hiyo."

Mwaka 1979 palifanyika jaribio la kuufufua mchezo Johannesburg, maandishi yakiwa yamebadilishwa, na jaribio hilo lilianguka. Sioni sababu ya kulizungumzia kwa kirefu. Soweto ilikuwa imekwisha kuwaka mwaka 1976 kwa maandamano ya wanafunzi, na watazamaji walikuwa wanataka kitu kingine, ambacho miaka minane baadaye Ngema aliwaletea kwa jina la Sarafina!, katika Market Theatre. Sarafina! ilifika Broadway mwaka 1988 na ikaonyeshwa huko mara 597.

Ufufuo uliofanikiwa ulikuja mwaka 2017 katika Fugard Theatre, Cape Town, chini ya mwongozaji Jonathan Munby, kisha ukapelekwa Johannesburg. Andile Gumbi aliigiza King Kong na Nondumiso Tembe akawa Joyce. Wakati huu hakukuwa na pasi wala amri ya kutotoka usiku, na swali lililobaki wazi ni lile ambalo mwaka 1959 lilipita bila kuulizwa sana. Katika kikundi chetu aliliuliza binti mmoja wa kidato cha sita baada ya kusikiliza nyimbo za mwisho. "Mwalimu," alisema, "aliyeuawa ni huyu dada Joyce, mbona wanaoimba wanamlilia aliyemuua?" Wavulana walianza kumjibu kwamba ni ishara, kwamba bondia anawakilisha watu wote walioonewa. Binti hakukubali, na mimi sikumlazimisha. Katika Afrika Kusini ya leo, ambako mauaji ya wanawake mikononi mwa wapenzi wao ni jeraha la kitaifa, mwongozaji yeyote anayeugusa mchezo huu anapaswa kujua anamfanyia nini Joyce tangu mazoezi ya siku ya kwanza. Nyimbo nzuri kuliko zote amepewa yeye, kisha hadithi inamwondoa ili mwanamume apate sababu ya kujuta. Sioni namna ya kulirekebisha hilo kwa kubadilisha sentensi mbili tatu. Labda mtu aanze upya kabisa na kuisimulia habari yote kutoka mlangoni mwa kilabu.

Gumbi alifariki mwaka 2019 akiwa kazini nchini Israeli, na Fugard Theatre ilifungwa mwaka 2021. Kwa anayetaka kuujua mchezo huu bila kungoja jukwaa jingine, zipo rekodi mbili, ya Johannesburg ya mwaka 1959 na ya London ya mwaka 1961, na zote zinapatikana mtandaoni bila shida. Anza na ya Johannesburg. Ya London imerekodiwa kwa usafi zaidi na okestra imenyooshwa, ila sauti ya Makeba imo katika ya kwanza tu, na nadhani hata mtu asiyejua neno la Kixhosa atasikia ni wapi waimbaji wanaimba kitu wanachokijua kutoka nyumbani kwao.